Sonona, baipola au skizofrenia? Namna ya kutofautisha kabla hujaamua umpeleke wapi mgonjwa wako

Nianze na kiatu. Mdogo wangu alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda asubuhi kashika kiatu kimoja mkononi, saa moja, saa mbili, inagonga saa nne kiatu bado kiko mkononi, ukimuuliza vipi dogo anakujibu taratibu "navaa nitoke". Havai. Na huyu ni dereva bodaboda ambae zamani saa kumi na moja alfajiri keshawasha pikipiki kuwahi wanafunzi wake. Mama akasema ni mawazo, mjomba akasema ni bangi, jirani akasema kachezewa na mwenzie wa kijiweni, mimi nikasema ni sonona kwasababu nilikuwa nimesomasoma mtandaoni nikajiona mjuzi. Tukampeleka hospitali moja, akaonwa kama dakika saba hivi, akaandikiwa dawa ya sonona, tukarudi nyumbani tumefurahi.

Wiki ya tatu akaanza kuamka mwenyewe. Tukashukuru Mungu. Wiki ya tano akawa halali kabisa, saa tisa usiku yuko uani anafua mapazia ya nyumba nzima huku anaimba, alafu siku ya Jumanne akaingia na mashine mbili za kukamua miwa alizonunua kwa mikopo ya simu, mikopo mitatu ya kampuni tofauti, na kwetu hakuna hata mmoja aliewahi kuuza juisi ya miwa. Nilivyomuuliza akanicheka, akaniambia dada wewe huoni mbali.

Kumbe ilikuwa baipola, ule ugonjwa wa mtu kupanda juu kupita kiasi na kushuka chini kwa vipindi, na siku ile ya kwanza hakuna alietuuliza kitu kimoja tu: je huko nyuma kuna kipindi alikuwa juu kupita kawaida yake? Kipindi kilikuwepo. Mwaka uliotangulia alikuwa na wiki mbili analala masaa mawili, anaongea haraka mpaka maneno yanagongana, kagombana na kijiwe kizima, na sisi nyumbani tuliita "kachangamka".

Mimi sio daktari, ni dada wa mgonjwa, mwaka wa sita huu, na benchi za kliniki ya akili nazijua mpaka ipi ina msumari. Naandika hii kwa yule ambae ana mtu ndani ya nyumba na hajui aite nini, maana haya magonjwa matatu, sonona, baipola na skizofrenia (akili kuachana na uhalisia), ukiyaangalia kwa siku moja yanafanana sana, yanaachana pale unapoyaangalia kwa miezi.

Kwanza hakikisha sio kitu kingine kabisa

Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kama mtu alikuwa mzima Jumatatu, na Jumatano anaongea vitu havieleweki, hajui leo ni siku gani, anaona wadudu ukutani, saa moja yuko sawa saa inayofuata kapotea tena na usiku ndo inazidi, hiyo usiipeleke kliniki ya akili wala kwa mtu wa maombi, ipeleke emajensi. Malaria ikipanda kichwani inafanya hivo, sukari ikishuka inafanya hivo, mnywaji wa kila siku akiacha pombe ghafla inaweza kumfanya hivo na inaweza kumuua, mzee mwenye maambukizi ya njia ya mkojo unaweza ukadhani amerukwa na akili kumbe ni bakteria. Kuna na dawa zenyewe, efavirenzi ya wagonjwa wa VVU kwa mfano ilikuwa inaleta ndoto mbaya na mawazo mazito kwa baadhi ya watu. Kinachokupa ishara ni kasi na kuchanganyikiwa: magonjwa ya akili ninayoyaongelea hapa kawaida hayamfanyi mtu asahau yuko wapi.

Na mama aliejifungua juzi juzi. Kama ndani ya wiki mbili tatu za kwanza halali hata mtoto akilala, anaongea maneno ya ajabu kuhusu mtoto, anasema mtoto kabadilishwa au ametumwa, huyo pia ni wa hospitali siku hiyo hiyo sio kesho, na msimuache peke yake na mtoto. Watu wanasema "kifafa cha uzazi kimempanda kichwani", sio, kifafa cha uzazi ni presha na degedege, hii ni kitu kingine na mara nyingi ina undugu na baipola.

Wote watatu hawalali, ila hawalali tofauti

Ukitaka kulinganisha haraka angalia saa kumi alfajiri. Mwenye sonona anaamka saa hiyo na hawezi kurudi kulala, amelala macho wazi anahesabu makosa yake ya miaka kumi, na kukikucha amechoka kama alibeba zege. Wengine wanalala kupita kiasi, masaa 12, na bado wanaamka wamechoka.

Mwenye baipola akiwa juu amelala masaa mawili na hana uchovu hata kidogo. Hili ndo la kushika kuliko yote niliyoandika, maana hata mimi nikiwa na stresi silali lakini kesho yake nipo hoi, yeye hayuko hoi, yeye ana nguvu za kubomoa ukuta na anakushangaa wewe mvivu unaelala. Akiwa chini sasa, analala au halali sawasawa na mtu wa sonona, huwezi kumtofautisha kwa macho, na ndo maana sisi tulikosea.

Wa skizofrenia mara nyingi usiku na mchana vimegeuka. Anakesha, lakini hakeshi anafanya biashara, anakesha anasikiliza, anachungulia dirishani, anaziba tundu la kitasa kwa karatasi, mchana analala.

Sauti na imani

Watu wengi wanadhani ukisikia sauti basi ni skizofrenia. Hapana. Sonona ikiwa kali inaweza kuleta sauti, baipola pia, tofauti iko kwenye zinachosema. Sauti za sonona zinafanana na huzuni yenyewe: wewe ni mbaya, umeiaibisha familia, utumbo wako umeoza, unastahili adhabu. Za baipola ya juu zinafanana na ile furaha iliyopitiliza: umeteuliwa, rais anakusubiri, una mamilioni benki ila wanakuficha (mdogo wangu mimi alipewa na Mungu kazi ya kuleta amani kati ya vijiwe vyote vya bodaboda mkoani, na alianza kuandika barua). Za skizofrenia mara nyingi hazina uhusiano na amefurahi au amehuzunika, ni watu wawili wanamuongelea yeye kama hayupo, "muone anakunywa maji, muone anakaa," wanamtangaza kama mpira redioni. Anaweza pia kuamini kuna mawazo yamewekwa kichwani mwake na mtu mwingine, au watu mtaani wanasikia anachowaza, au mtangazaji wa taarifa ya habari anamtumia ujumbe yeye binafsi.

Sasa hapa ndo kwenye utata wetu sisi wa huku, maana mtu akikwambia "jirani ananiroga" hiyo peke yake sio dalili ya kitu, nusu ya mtaa inaamini hivo na wanaenda kazini vizuri tu. Daktari mmoja mama mtu mzima alinifundisha nisiulize kama anaamini uchawi, niulize je, watu wa imani yake wanaona anachosema ni cha kawaida? Kama bibi yake mwenyewe, anaevaa hirizi, anasema "huyu mtoto hapana, hii sio ile", basi sikiliza bibi.

Ukimya nao hauko sawa

Hii ndo ngumu kuliko zote. Kijana wa miaka 19 ameacha chuo, haogi, hajibu simu, anakaa chumbani. Sonona au skizofrenia inayoanza? Skizofrenia kwa wengi inaanza hapo hapo mwishoni mwa ujana mpaka miaka ya ishirini, wanaume huwa inawawahi kuliko wanawake, na mara nyingi haianzi na kelele, inaanza na kimya hicho.

Kinachosaidia kidogo ni kumuuliza ndani kukoje. Mwenye sonona mara nyingi anaumia, atakwambia kuna jiwe kifuani, kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, nimekonda, sioni mbele. Huku kwetu sonona inapitia mwilini sana, wengi wameshameza dawa za vidonda vya tumbo na typhoid mwaka mzima kabla mtu hajawauliza "unajisikiaje moyoni". Mwenye skizofrenia ukimuuliza anaweza asiwe na huzuni, ana utupu, uso haubadiliki hata ukimpa habari ya msiba, majibu mafupi, na maneno yake ukiyafuatilia yanaruka kutoka kitu hiki kwenda kile bila daraja. Lakini narudia, hapa hata madaktari wanasubiri miezi ndo waseme, kwahiyo wewe usimpe mtoto wa mtu jina kwa wiki moja ya kukaa chumbani.

Na kama kuna bangi au mirungi sema ukweli kwa daktari. Usimtetee. Bangi inaongeza uwezekano wa kupata saikosisi (kusikia au kuamini vitu visivyokuwepo), na kama dalili zinakwisha akiacha, hiyo nayo ni taarifa inayobadilisha uamuzi.

Alafu tuondoe na hizi mbili: baipola sio mtu anaecheka asubuhi mchana kanuna, huyo ana hasira zake tu au njaa, vipindi vya baipola vinahesabiwa kwa siku na wiki. Na skizofrenia sio watu wawili ndani ya mtu mmoja, sijui nani alianzisha.

Hesabu ya siku

Madaktari wana vitabu viwili wanavyopimia, DSM-5 ya Wamarekani iliyotoka 2013 na ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022. Sikwambii uvisome ila hesabu zake ni nzuri kuzijua. Sonona: wiki mbili, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, dalili kama tano, na lazima mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu ya vitu alivyovipenda (kwa mdogo wangu ilikuwa mpira, derby ya Kariakoo ikapita hajui hata matokeo, pale ndo nilipoogopa). Kufiwa na kulia siku tano sio sonona. Kipindi cha juu cha baipola: wiki nzima, au hata chini ya hapo kama imebidi alazwe, na kuna ile ya juu kidogo ambayo kwa DSM ni kuanzia siku nne, hii ndo inayopita bila kuonwa maana mtu anakuwa mchapakazi, mcheshi, kila mtu anamsifia. Skizofrenia: ICD-11 inataka angalau mwezi wa dalili, DSM-5 inataka dalili za namna moja au nyingine ziendelee miezi sita. Kwahiyo unaweza kukuta daktari mmoja kaandika skizofrenia na mwingine kaandika saikosisi tu, na wote wako sahihi kwa kitabu chao, usianze kuwagombanisha.

Kwa wingi wao, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 wenye sonona walikuwa kama milioni 280 duniani, baipola milioni 40, skizofrenia milioni 24. Kwahiyo kama huna uhakika, kwa hesabu tu sonona ndo ya kwanza kuifikiria, lakini kumbuka ile sonona ya mtu wa baipola inahesabika humo humo mpaka mtu aulize swali.

Kwanini jina sahihi lina faida: dawa

Ungeweza kusema mbona wote wanapewa vidonge, shida iko wapi. Shida ni mashine mbili za miwa.

Sonona inatibiwa kwa fluoksetini, au amitriptilini ya zamani, zinachukua wiki mbili mpaka nne au zaidi kuonekana, na wengi wanaacha wiki ya kwanza wakisema haifanyi kazi. Ikiwa ya wastani kuongea na mwanasaikolojia peke yake kunaweza kutosha. Sasa hizo dawa za sonona ukimpa mtu wa baipola peke yake bila dawa ya kumtuliza, zinaweza kumrusha juu, na ndicho kilichotupata. Baipola inataka kitu cha kushikilia usukani: litiamu, ambayo John Cade wa Australia aliandika habari zake 1949 na mpaka leo haijapata wa kuizidi kirahisi, ila inataka kupimwa damu, figo na tezi ya shingoni mara kwa mara maana dozi ya kuponya na ya kudhuru zimekaribiana. Ukikosa litiamu utaandikiwa valproeti au kabamazepini, zile zile za kifafa, usishtuke ukidhani wamekosea faili. Ila kama mgonjwa ni msichana au mwanamke anaeweza kubeba mimba, valproeti iulizie mara mbili, inaharibu mtoto tumboni, na kwa uzoefu wangu hili halisemwi mpaka uulize.

Skizofrenia inatumia haloperidoli, Largactil, risperidoni, olanzapini, na kuna sindano ya mwezi, Modecate, ambayo mimi naipenda kwa familia ambazo mgonjwa anatema vidonge nyuma ya kabati. Zile za zamani zinaweza kukaza shingo na kutetemesha mikono, hapo ndo anapewa Artane. Olanzapini haikazi sana ila inanenepesha na sukari inaweza kupanda. Mtu akikaza shingo usiache dawa mwenyewe ukasema "imemuua", rudi ukaombe ibadilishwe.

Umpeleke kwa nani

Mwanasaikolojia anaongea na mgonjwa, haandiki dawa. Daktari wa magonjwa ya akili anaandika dawa, na kwenye hospitali za serikali foleni ni ndefu hataongea na wewe saa nzima. Kama unachoona ni huzuni, msiba, ndoa, kazi, mtu anakula kidogo lakini anaongea vitu vyenye maana, anza kwa mwanasaikolojia au hata zahanati ya karibu. Kama kuna sauti, halali siku tatu, anatapanya pesa, anaogopa watu wasioonekana, anza kwa daktari, mazungumzo yatafuata akitulia. Maongezi hayamteremshi mtu aliepanda juu, tulijaribu, alimshawishi mnasihi anunue mashine.

Sio lazima Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma. Najua jina lenyewe limeshakuwa tusi, ukimuudhi konda anakwambia umetoroka Mirembe, na Wakenya wana Mathari yao ya tangu 1910 inayotaniwa hivo hivo, lakini hospitali nyingi za mkoa zina kliniki ya akili, Muhimbili kuna idara kamili, Tanga kuna Lutindi kule Korogwe mlimani chini ya KKKT (Kanisa la Kilutheri), Zanzibar kuna Kidongo Chekundu. Kulazwa ni kwa wachache, wengi wanaenda kliniki na kurudi nyumbani kula ugali wao.

Shehe na mchungaji? Sisi tulienda, na sitamkejeli mtu. Shehe wetu alisoma, akamwagia maji, alafu akasema na hospitali msiache, huyo ni shehe wa kukaa nae. Anaekwambia acha dawa kwanza, au anaemfunga minyororo, ondoka na mtu wako siku hiyo hiyo.

Na kuna jambo moja halisubiri ulinganisho wowote. Akisema anataka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake, au anaaga aga, muulize waziwazi "unafikiria kujiua?", swali halimpi wazo ambalo hakuwa nalo. Toa ndani sumu ya panya, dawa za mifugo na za shamba, vidonge vyote, asikae peke yake, mpeleke. Hili linawahusu wote watatu, na mtu wa baipola hatari inaweza kuwa kubwa kipindi anashuka kutoka juu, siku ambazo familia imepumua inasema sasa katulia.

Uende na nini mkononi

Kalenda. Ile ya bure ya duka la dawa inatosha. Sisi kwetu imening'inia nyuma ya mlango wa jikoni, mama ambae aliishia darasa la nne ndo anaeijaza: usiku aliolala chini ya masaa manne anaweka X, siku aliyoshindwa kutoka kitandani anachora duara, akikosa dawa anaweka nukta. Mara ya kwanza naipeleka kliniki niliona aibu, imejaa mafuta ya kupikia, daktari akaishika akaigeuza miezi mitano nyuma kimya kimya, akaonyesha kwa kalamu X saba za mfululizo mwezi wa tatu akauliza "hapa ilikuwaje?" Hakuna alieniuliza hivo ile siku ya kwanza ya dakika saba.

Wiki iliyopita mama kanipigia simu, hajanisalimia hata, ananiambia X mbili zimefuatana na leo asubuhi kasikia dogo anaongelea juisi ya miwa. Tukaenda keshokutwa yake, dozi ikapandishwa, kakaa siku tatu bila kuendesha, na moja ya zile mashine ambayo hatujapata mteja mpaka leo mama kaifunika turubai asiione.